Laini ya Nyumbani Ibaki Kwenye Simu: Tathmini ya Njia za Kupata Intaneti kwa Msafiri Anayetoka Kigoma

Mtu anayetoka Kigoma kwenda nje ya nchi ana njia nne za kupata intaneti kwenye simu yake. Anaweza kutumia laini yake ya Tanzania huko ugenini kwa huduma ya romingi, kununua laini ya nchi anayokwenda, kununua eSIM ya wasafiri, yaani laini isiyo na kadi, kabla hajaondoka, au kutegemea Wi-Fi ya hoteli na ya uwanja wa ndege. Nimezitumia zote, ng'ambo ya ziwa na mbali zaidi, na ninaziandikia tathmini kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa madukani hapa mjini huanza na kuishia kwenye bei ya GB moja. Bei ina uzito wake, lakini kwa mfanyabiashara, mgonjwa anayekwenda kutibiwa au hujaji, kinachoamua kama safari itakwenda vizuri ni iwapo laini yake ya Tanzania itaendelea kupokea ujumbe muda wote atakapokuwa nje.

Sababu yake iko wazi kwa yeyote anayetunza fedha kwenye simu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kwa namba hiyohiyo hupita pesa za simu, namba za uthibitisho zinazotumwa na benki, na akaunti ya WhatsApp ambayo wateja wanaijua. Msafiri anayeitoa laini hiyo na kuifunga kwenye karatasi ili nafasi yake ichukuliwe na laini ya ugenini atapata intaneti nzuri, kisha siku ya kulipia mzigo benki itatuma namba ya uthibitisho kwenye laini iliyolala ndani ya begi. Kupokea ujumbe mfupi ukiwa kwenye romingi kwa kawaida hakutozwi, ingawa kupokea simu mara nyingi hutozwa. Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza kwa karibu kila safari ni mmoja: laini ya Tanzania iwe hewani kwa ajili ya ujumbe, data yake iwe imezimwa, na intaneti itoke mahali pengine.

Mpangilio huo unahitaji maandalizi ukiwa bado nyumbani. Piga *106# uhakikishe usajili wa laini uko sawa, kisha uwaulize watoa huduma wako kama romingi imefunguliwa kwenye namba yako, kwa kuwa kuwapigia ukiwa Dubai kutakugharimu. Pakua pia programu ya huduma yako ya pesa na uiingie angalau mara moja kabla ya kuondoka. Menyu za nyota na reli, mfano *150*00#, hufanya kazi ugenini pale tu mtandao ulioushika unapozipitisha, na mara nyingi hukatika katikati ya muamala; programu hupita kwenye intaneti yoyote uliyonayo.

Kwa majirani zetu sina shaka kwamba laini ya huko ndiyo bora. Anayevuka Manyovu kwenda Bujumbura atakuta Lumitel, Econet Leo na Onatel; anayeshuka Uvira au Kalemie, Kongo, atakuta Vodacom, Airtel na Orange; na anayefika Mpulungu, Zambia, atakuta MTN, Airtel na Zamtel. Usajili ni wa pasipoti au kitambulisho na hufanywa papo hapo. Uvira, kijana wa kibandani alipiga picha pasipoti yangu juu ya kioo cha meza yake, akafungua kijaluba cha laini ya pili kwa sindano ya kushonea, akapachika kadi, kisha akaniuliza, "Papa, unataka mega za siku ao za mwezi?" Kabla hajapokea fedha alifungua ukurasa mmoja kwenye simu yangu ili nione kwamba data inasoma. Huduma ya namna hiyo siipati kwenye maduka makubwa yenye viyoyozi. Ninamshauri kila msafiri adai jambo hilohilo: usilipe mpaka uone ukurasa umefunguka kwa laini mpya huku Wi-Fi ikiwa imezimwa.

Watu wengi hapa kwetu hudanganywa na majina. Airtel ipo Tanzania, Kongo, Zambia, Rwanda, Uganda na Kenya. Vodacom ipo kwetu na ipo Kongo. Halotel ya hapa na Lumitel ya Burundi zote ni za Viettel ya Vietnam. Undugu wa kampuni hauhamishi kifurushi chako. Bando la wiki ulilojiunga nalo ukiwa Mwanga hapa mjini ni la mtandao wa Tanzania, na ukishavuka mpaka simu itaonyesha jina lilelile ulilolizoea lakini data itakatwa kwenye salio kwa bei ya romingi, isipokuwa kama umenunua kifurushi kilichoandikwa wazi kwamba ni cha kutumia nje. Kuna pia dhana kwamba Afrika Mashariki haina tena romingi. Mpango wa Jumuiya wa mtandao mmoja, ulioanza mwaka 2014 kwa Kenya, Uganda na Rwanda, ulilenga hasa gharama za kupiga simu. Asije mtu akaufanya ni ruhusa ya kutazama video akiwa Bujumbura. Vivyo hivyo, sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza tarehe 15 Juni 2017 ya kutumia kifurushi cha nyumbani katika nchi zote za umoja huo ni ya laini za huko. Ukinunua laini Ufaransa utaitumia Ujerumani bila nyongeza, lakini laini ya Kigoma haimo.

Wakazi wa Kagunga, na wale wa vijiji vya Buhigwe vilivyo karibu na mpaka, wana tatizo ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulifikiria, nalo ni kuingia romingi bila kusafiri. Simu iliyoachwa ijichagulie mtandao hushika mnara wa Burundi pale wa kwetu unapodhoofika kwa sababu ya milima. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya simu, kuzima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, na kuchagua mtandao wako kwa mkono.

Sasa nije kwenye eSIM, ambayo ni laini isiyo na kadi. Taarifa za mtandao hupakuliwa kwa kuelekeza kamera kwenye msimbo wa QR au kupitia programu ya muuzaji, nazo hukaa kwenye kifaa kidogo kilichomo ndani ya simu tangu kiwandani. Kabla ya kusifia chochote, mtu ajue kama simu yake inaikubali. Pale Mwanga kuna fundi ambaye huwapimia wateja kwa kupiga *#06#: skrini ikionyesha namba za IMEI peke yake, yaani namba za utambulisho wa simu, zenye tarakimu 15 kila moja, anakurudishia simu na kukwambia, "Kaka, hii ni ya kadi tu", ikionyesha na mstari wa EID, yaani utambulisho wa eSIM, wenye tarakimu 32, simu ina uwezo. Simu nyingi za bei ya kawaida tunazozitumia hapa hazina EID. Kwa iPhone, uwezo huo ulianza na XS na XR za mwaka 2018, lakini simu zilizotengenezwa kwa soko la China bara kwa miaka mingi zilikuja na nafasi za kadi mbili badala ya eSIM, na zile zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kijaluba cha kadi kabisa. Simu zilizokwisha kutumika zinazoletwa kutoka Dubai hutoka katika masoko haya yote, na anayenunua ile ya Marekani kwa sababu ya urahisi wa bei ajue kwamba yule kijana wa Uvira hatakuwa na mahali pa kupachika kadi yake.

Wauzaji wanaojulikana zaidi wa eSIM za wasafiri ni Airalo na Holafly. Airalo huuza kwa kiasi cha data, kwa mfano GB kadhaa za kutumia kwa siku kadhaa. Holafly inajulikana zaidi kwa vifurushi vinavyohesabiwa kwa siku na kuitwa visivyo na kikomo, ingawa neno hilo kwa kawaida huambatana na masharti ya kupunguziwa kasi ukitumia kupita kiasi. Mimi napendelea kulipia data ninayoihesabu. Malipo ni kwa kadi, na asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya kidijitali ya Visa au Mastercard inayopatikana kwenye baadhi ya huduma za pesa za simu. Bei kwa GB huwa juu kuliko ya laini ya nchi husika, wakati mwingine juu sana, na sehemu kubwa ya eSIM hizi ni za data tupu, hazina namba ya kupigiwa. Kwa mwenye laini ya Tanzania iliyo hewani upungufu huo haumsumbui.

Ufungaji unahitaji uangalifu, na ufanyike hapa nyumbani kwenye intaneti ya uhakika, kwa kuwa eSIM haipakuliki bila intaneti na Wi-Fi za viwanja vya ndege hupenda kukudai namba ya simu kwanza. Soma masharti ujue muda wa matumizi unaanza lini: vifurushi vingi huanza kuhesabu pale simu inaposhika mtandao wa nchi uendayo, vingine huanza mara tu unapofunga. Ukishafunga usiifute kwa kudhani utaifunga tena, maana msimbo mwingi hutumika mara moja tu. Kisha kuna jambo moja linalowachanganya hata vijana waliosoma. Kwenye mipangilio, swichi ya romingi ya data inatakiwa izimwe kwa laini ya Tanzania na iwashwe kwa eSIM, kwa sababu eSIM nyingi za wasafiri ni laini za nchi ya tatu zinazotumia minara ya huko uliko kama mgeni. Anayezima swichi zote mbili kwa woga wa kukatwa fedha atakaa na eSIM aliyoilipia isiyofungua hata ukurasa mmoja. Nami niliwahi kununua kwa kampuni moja ambayo sitaitaja: mtandao ulishika, nukta za mnara zikajaa, data ikagoma. Huduma kwa wateja ilikuwa ya kuandikiana tu, na jibu lililokuja baada ya nusu siku lilikuwa la kuandika upya mstari wa APN, yaani jina la lango ambalo data hupitia, jambo ambalo lingeweza kuandikwa kwenye barua ya manunuzi tangu mwanzo. Tangu hapo jina la APN nalinakili kwenye karatasi kabla ya kuondoka.

Ubora wa kweli wa eSIM na wa romingi hauonekani mpaka ufike China. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou na Yiwu wanajua kwamba WhatsApp, Facebook, Instagram na huduma za Google zimefungwa huko, lakini si wote wanaojua kwamba kufungwa huko kunategemea njia ambayo data yako inapita. Laini ya China Mobile au China Unicom, inayosajiliwa kwa pasipoti, huingia kwenye intaneti ndani ya China, kwa hiyo hukutana na kizuizi. Wi-Fi ya hoteli ni vivyo hivyo. Laini ya kigeni iliyo kwenye romingi kwa kawaida hurudisha data kwenye mtandao wake wa asili kwanza, uwe Tanzania, Hong Kong au Singapore, na ndipo inatoka kwenda kwenye intaneti. Minara ni ya China, lango ni la nje, na WhatsApp hufunguka.

Kwa mfanyabiashara tofauti hiyo ndiyo biashara yenyewe. Ukiwa mbele ya kibanda cha vitenge, mwenye duka anasubiri jibu, na mteja wako wa Ujiji anatakiwa kuona picha achague rangi kabla oda haijafungwa, laini ya huko ya bei nafuu haitakusaidia kwa chochote isipokuwa WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, ambayo mteja wako hana. Gharama yake ni kwamba data inayozunguka hadi nchi nyingine na kurudi huchelewa, na simu ya video hukwamakwama. Ramani na ujumbe havisumbuki. Anayekaa muda mrefu namshauri awe na vyote viwili, eSIM ya nje kwa ajili ya WhatsApp na laini ya huko kwa ajili ya WeChat, malipo na kupigiana simu na wenye magodauni. Hapo simu ya pili ya bei ndogo inakuwa ya lazima, kwa kuwa simu moja haibebi laini tatu hewani kwa pamoja.

Dubai ni kisa kingine. Kule WhatsApp ya maandishi, picha na sauti zilizorekodiwa inafanya kazi kwenye laini za huko, lakini kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa, na zinazoruhusiwa ni programu zilizopewa kibali kama BOTIM. Laini za wageni za e& (zamani Etisalat) na du hupatikana uwanjani kwa pasipoti, mtandao wake ni wa kasi, na kwa mtu anayezunguka Deira kutafuta bei anaweza kuishi vizuri kwa sauti zilizorekodiwa. Kama lazima umpigie mama Ujiji kila jioni, eSIM ya nje mara nyingi hupitisha simu hizo kwa sababu ileile ya lango. Mimi Dubai nachukua laini ya huko bila kusita, kwa kuwa GB zake ni za kutosha na WhatsApp ya kuandikiana haina shida.

Wanaokwenda India kwa matibabu ndio ninaowasisitizia eSIM kuliko wote. Mgeni anayetaka laini ya India hudaiwa pasipoti, viza, picha na anwani anakokaa, na laini huweza kuchukua saa nyingi, hata zaidi ya siku, kabla ya kufunguliwa. Wi-Fi ya uwanjani nayo kwa kawaida hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu, kwa hiyo mwenye laini iliyozimwa hana pa kuanzia. Msindikizaji wa mgonjwa anayefika usiku, akiwa na jina la hospitali na namba ya dereva wa kumpokea kwenye WhatsApp, asiingie kwenye foleni hiyo. Anunue eSIM ndogo ya siku chache za mwanzo, na kama matibabu yatakuwa ya wiki nyingi, laini ya Airtel au Jio itafutwe kwa utulivu kesho yake. Aangalie tu kwamba Jio haina mtandao wa 2G wala 3G, hivyo simu ya kizamani haitaishika.

Kwa mahujaji, laini za STC, Mobily na Zain zinauzwa kwenye viwanja vya Jeddah na Madina, husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, na zinatosha. Wazee wanaosafiri na kitochi wasilazimishwe simu mpya kwa ajili ya safari. Laini yao ya Tanzania yenye romingi na salio la kutosha kupokea simu moja kwa siku inawafaa kuliko WhatsApp wasiyoijua kuitumia, mradi mwenye kuongoza kundi awe na namba zao zote.

Wi-Fi peke yake siwezi kuipa alama ya kupita kwa safari ya kazi. Inafaa kupakua ramani na kutuma picha nyingi usiku, basi. Romingi ya vifurushi vya kampuni zetu inafaa safari fupi ya siku moja au mbili, au kwa mtu ambaye simu yake haina eSIM na anabadilisha ndege Addis Ababa au Doha. Ukishapanda ndege weka simu kwenye hali ya ndege, kwani baadhi ya ndege za masafa marefu zina kituo chao kidogo cha mawasiliano kinachounganishwa na setilaiti, na simu iliyoachwa wazi hukishika na kutozwa kwa bei ambayo hakuna kifurushi cha kawaida kinachoifunika.

Njia yoyote utakayochagua, data hulika zaidi na simu yenyewe kuliko na wewe. Zima kujisasisha kwa programu, zima nakala za picha zinazojipandisha mtandaoni, na kwenye WhatsApp ondoa kupakua picha na video kiotomatiki kwa data ya simu, hasa kama umo kwenye makundi ya harusi. WhatsApp ikigundua laini mpya na kukuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa. Itaendelea kufanya kazi kwa namba ya nyumbani.

Limebaki suala la wanaoshawishiwa kugeuza laini yao ya Tanzania yenyewe kuwa eSIM, huduma ambayo kampuni zetu kadhaa sasa zinaitoa. Faida yake ni kuacha nafasi ya kadi wazi kwa laini ya ugenini, na kwa mwenye iPhone yenye nafasi moja ya kadi anayevuka kwenda Kalemie kila mara, ni uamuzi wa maana. Kwa safari za mbali nashauri laini ya nyumbani ibaki kadi. Simu ikianguka na kioo kuzima ukiwa Guangzhou, kadi huhamishiwa kwenye kitochi cha bei ndogo ndani ya dakika moja na namba ya benki ikaingia. eSIM iliyofungiwa ndani ya simu iliyokufa itakutaka urudi kwa wakala wako Kigoma ukiwa na kidole chako. Na laini za Bujumbura au Uvira, kama unarudi huko mara kwa mara, zitunze na uzitie vocha kidogo kila baada ya muda, kwa sababu namba isiyotumika hufungwa na baadaye kuuzwa kwa mtu mwingine, pamoja na simu za wateja waliokuwa wakiijua kama yako.